Kamba Inayosokotwa Tumboni

Daktari alikuwa kijana, na foleni nje ya mlango wake ilikuwa imefika kwenye ngazi. Alimwamkia mama yangu kwa heshima, akafungua faili, akauliza: "Mama, maumivu yako ukiyapa namba, kuanzia sifuri hadi kumi, utayapa ngapi?"

Mama alimtazama, kisha akanitazama mimi. "Mwanangu," akamwambia, "hapa pana mtu anasokota kamba." Akaweka kiganja chini ya mbavu za kulia, akakizungusha taratibu huku akikaza vidole. "Anasokota, anasokota, ikishakaza anaivuta mpaka huku begani. Halafu anaiachia. Nikishapumua kidogo, anaanza tena."

"Sawa mama. Kwa hiyo tuseme saba?"

"Haya, saba," mama akakubali, kwa adabu tu.

Saba ndiyo iliyoingia kwenye faili, pamoja na neno moja la Kiingereza lenye maana ya tumbo. Tukarudi nyumbani na mfuko wa dawa za vidonda vya tumbo. Ile kamba haikuandikwa popote.

Mama alizaliwa kijijini, si mbali na Pangani. Huko wanawake walikuwa wakifukia makumbi ya nazi kwenye tope la ufukweni, wakayaacha miezi hadi yalainike, wakayafukua, wakayaponda, kisha wakakaa barazani kusokota usumba juu ya paja. Bibi yangu alilea watoto kwa kamba hizo. Mtu aliyekua akitazama kazi hiyo anajua kamba inavyopanda ukali kidogo kidogo, inavyofika mahali haiongezeki tena, na inavyolegea ghafla ikiachiwa. Kwa hiyo mama hakuwa anapamba maneno. Alikuwa anatoa taarifa kamili kuliko namba yoyote: mahali pa maumivu, mwendo wake, yanakoelekea na namna yanavyokwisha.

Wiki tatu baadaye, katika kituo kingine, alitusikiliza tabibu mmoja mama wa makamo. Mama alipofika kwenye kamba, tabibu aliacha kuandika. "Hiyo kamba, mama, inaanza ukishakula nini?" Mama hakufikiri hata kidogo: wali wa nazi, na hasa ukiliwa usiku. Tabibu akatikisa kichwa, akampeleka kwenye kipimo cha ultrasaundi siku hiyo hiyo. Yalikuwa mawe kwenye mfuko wa nyongo. Maumivu ya namna hiyo, yanayofuata chakula cha mafuta na kupanda hadi bega la kulia, yamo katika vitabu vya udaktari. Mama alikuwa ameyasema yote tangu siku ya kwanza, kwa Kiswahili, mbele ya mtu anayekijua Kiswahili.

Tangu hapo nimekuwa nikiyasikiliza maneno tunayompelekea daktari. Nimeyasikiliza kwenye mabenchi ya zahanati, kwenye daladala, na kwenye simu za ndugu walio mbali. Nimeona kwamba kosa lile halikuwa la daktari yule peke yake. Liko ndani ya jambo lenyewe: maumivu ni kitu ambacho mtu mmoja anacho kwa hakika isiyo na shaka, na mwenziwe hana njia ya kukigusa isipokuwa kwa kuambiwa.

Anza na kitenzi chetu cha kila siku. Tunasema kichwa kinaniuma, jino linaniuma, tumbo linaniuma. Kuuma ni kazi ya meno. Mbwa anauma, nyoka anauma, na kichwa nacho kinauma. Mtenda katika sentensi hiyo si mimi. Mimi ndiye ninayeng'atwa, na anayening'ata ni sehemu ya mwili wangu mwenyewe iliyonigeukia. Hali ikizidi, hata anayeuma hatumtaji: tunasema naumwa, kitenzi cha kutendwa, na kila mtu anaelewa kwamba kuna kitu kimenishika, kiwe na jina au kisiwe nalo. Kiswahili kimeamua zamani, kabla ya yeyote wetu kuzaliwa, kwamba maumivu si mali ya mgonjwa. Ni jambo linalomjia. Tunayasema hayo mara kumi kwa siku bila kuyaona.

Kisha yako maneno ya aina za maumivu, na hapa Kiswahili ni tajiri kuliko wengi wetu tunavyodhani. Kichwa kinaweza kuuma tu, au kuwanga, au kugonga. Kidonda kilichomwagiwa chumvi au spiriti kinachonyota, na hakuna neno jingine litakaloingia mahali pale. Jipu lililoiva linapwita. Tumbo linakata, linasokota, linanyonga; na mtu aliyewahi kunyongwa na tumbo hatakubali umwambie kwamba ni sawa na kukatwa. Mguu unakufa ganzi, na damu ikianza kurudi unachomachoma. Mgongo unavuta. Ubavu unashikwa na kichomi, na hapo mtu anapumua kwa vipande.

Lakini chukua neno kuchoma, ulishike mkononi, uligeuze. Mwiba unachoma, sindano inachoma, moto nao unachoma. Mgonjwa akisema "kifua kinanichoma," amesema mambo mawili tofauti kwa neno moja. Kama ni moto, unaopanda kutoka tumboni kuelekea kooni akilala, huenda ni tindikali. Kama ni mwiba, unaomkata anapovuta pumzi, msikilizaji mwenye ujuzi ataanza kufikiria mapafu. Neno lenyewe halitakuambia ni lipi. Inabidi umuulize: kama moto au kama mwiba, mama? Swali hilo halichukui hata sekunde tano, na linabeba uzito ambao neno peke yake halikuweza kuubeba.

Huko Montreal nchini Kanada alikuwako mtu aliyelitambua hili mapema. Ronald Melzack, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha McGill, anajulikana zaidi kwa nadharia aliyoitoa pamoja na Patrick Wall mwaka 1965 kuhusu namna uti wa mgongo unavyofungua na kufunga njia ya maumivu kuelekea kwenye ubongo. Kwangu mimi, kazi yake kubwa ni nyingine. Akiwa bado kijana katika miaka ya 1950 alianza kuwasikiliza wagonjwa, wakiwemo wenye maumivu katika viungo vilivyokwisha kukatwa, na kuandika maneno yao kama walivyoyasema. Aliyakusanya mengi. Mwaka 1971, pamoja na Warren Torgerson, alichapisha kazi ambayo ndani yake madaktari, wagonjwa na wanafunzi waliyapima maneno hayo kwa ukali. Mwaka 1975 likatoka dodoso lake maarufu, lenye maneno 78 katika makundi 20.

Kilichojitokeza ni kwamba wagonjwa wenye ugonjwa mmoja huelekea kuchagua maneno yanayofanana. Maumivu ya jino yana kundi lake la maneno, ya uchungu wa uzazi lake, ya mishipa ya fahamu lake. Maana yake, kile kilichoonekana kuwa mashairi ya mgonjwa kilikuwa na mpangilio. Na watu wa lugha nyingine walipotaka kulitumia dodoso hilo, waliona haraka kwamba kamusi haitoshi. Waitaliano, kwa mfano, walitengeneza lao upya kwa maneno ya Kiitaliano badala ya kutafsiri moja moja. Kuwanga si rahisi kukupatia Kiingereza chake. Na yako maneno ya Kiingereza ambayo ukiyaleta Mwanza utapata kitu kisichosemwa na mtu yeyote Mwanza.

Hapo ndipo kwetu penye tatizo lenye sura yake ya pekee. Mgonjwa anaeleza kwa Kiswahili, daktari anauliza kwa Kiswahili, lakini faili linaandikwa kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha aliyosomea. Tafsiri inafanyika palepale, kichwani mwa mtu mmoja aliyechoka, bila shahidi. Mama wa pwani akisema "moyo unanichafuka," anamaanisha kichefuchefu, anataka kutapika. Akisema "chembe ya moyo inaniuma," kidole chake kiko chini ya kifua, mahali mbavu zinapoachana, na huenda moyo wenyewe hauna habari. Mzee akisema "mishipa inanivuta" anaweza kuwa anazungumzia mshipa wa damu, au wa fahamu, au kano za misuli, maana kwetu vyote hivyo ni mishipa. Na kwa wazee wengine mshipa ni ngiri. Tumbo ni tumbo, lakini pia ni mfuko wa uzazi, na ni mimba yenyewe. Mwanamke anayesema ana shida ya tumbo, tena kwa sauti ya chini na mbele ya mkwewe, ametoa taarifa ambayo nusu yake iko kwenye sauti.

Wakati mwingine neno moja limeamua kama mtoto atapona. Katika miaka ya 1990 watafiti waliofanya kazi Bagamoyo na Ifakara walijaribu kuelewa kwa nini wazazi waliokuwa wakikimbilia zahanati mtoto akipata homa hawakufanya hivyo mtoto yule yule akianza kukakamaa, macho yakapanda juu na mwili ukatikisika. Jibu lilikuwa kwenye jina. Hali ile iliitwa degedege. Kwa wazazi wengi degedege haikuwa hatua ya mwisho ya homa. Ilikuwa ugonjwa mwingine kabisa, wenye chanzo chake. Ndani ya jina hilo kuna dege, na watu walisimulia juu ya kiumbe cha usiku kinachompitia mtoto. Ugonjwa wa namna hiyo ulipelekwa kwa mganga kwanza. Wengine waliamini kwamba sindano ingemuua mtoto mwenye degedege, na kwa kuwa wengi walifikishwa hospitali wakiwa wamechelewa mno, waliokufa baada ya sindano walionekana kama ushahidi.

Wakati huo wataalamu wa afya walikuwa wakifundisha kwa bidii kwamba malaria inatibika. Ujumbe ulifika. Watu waliuelewa vizuri: malaria ni homa, na homa inatibika. Degedege haikutajwa, kwa hiyo haikuhusika. Naliandika hili nikiwafikiria akina mama wale, ambao hawakuwa wajinga wala wazembe. Walitii lugha yao. Walipewa majina mawili, wakaona vitu viwili.

Majina yana tabia hiyo ya kubeba mizigo ambayo mbebaji haioni. Tunasema saratani, na anayelitamka neno hilo siku hizi hafikirii kaa wa baharini. Lakini kwa Kiarabu saratani ni kaa, kama lilivyo neno la kale la Kigiriki ambalo waganga wa Ugiriki waliupa uvimbe ule. Kwetu limebaki jina tu, zito, linalotamkwa kwa kunong'ona. Na mama yangu alipoandaliwa kupasuliwa, mgonjwa wa kitanda cha jirani alimuuliza kama atapigwa ganzi ya mgongoni au nusu kaputi. Nusu kaputi: nusu yetu, na kaputi ya Wajerumani, neno lao la kitu kilichoharibika kabisa. Wajerumani waliondoka Tanganyika zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Neno lao limebaki wodini, na kila mtu analielewa bila kujua lilikotoka. Sijui neno jingine linaloeleza usingizi ule kwa ukweli zaidi.

Sasa nifike kwenye ukingo wa maneno yenyewe, maana hata ukiwa na yale 78 ya Melzack, hata ukiwa na yetu yote ya kuwanga na kuchonyota, bado hujaniingiza ndani ya mwili wako. Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein, aliyezaliwa Vienna na kufundisha Cambridge, alilichimba jambo hili katika kitabu kilichotoka mwaka 1953, miaka miwili baada ya kifo chake. Anatutaka tufikirie watu ambao kila mmoja ana kisanduku, na ndani yake kitu ambacho wote wanakiita mdudu. Hakuna anayeweza kuchungulia kisanduku cha mwenziwe. Kila mmoja anamjua mdudu kwa kutazama chake. Huenda wadudu ni tofauti. Huenda kisanduku cha mmoja ni kitupu. Na bado watu hao wanazungumza juu ya mdudu na wanaelewana.

Wako wanaousoma mfano huo kwa huzuni, kama habari ya upweke. Mimi unanipeleka kwingine. Wittgenstein aliona pia kwamba mtoto hajifunzi neno la maumivu kwa kujichungulia. Anaanguka, analia, na watu wazima wanampa maneno ya kuweka mahali pa kilio. Nenda uwanjani ambako watoto wanacheza, usubiri mmoja ajikwae. Kabla hajajua kama atalia au la, mama, shangazi au jirani yeyote ameshasema: "Pole! Umeumia? Wapi, hapa?" Kwa hiyo neno la kuumia halikutoka ndani ya yule mtoto likaenda nje. Lilitoka kwa mwingine, likaja na mkono unaopangusa vumbi gotini. Mtoto amepewa neno na pole kwa wakati mmoja.

Na pole ni neno la kutazamwa kwa karibu. Wageni hulisumbukia sana. Unamwambia pole mgeni aliyejikwaa, naye anashangaa: kwani wewe ndiye uliyenisukuma? Amezoea lugha ambayo neno la namna hiyo ni la kuomba radhi. Pole haiombi radhi. Tunampa aliyefiwa, aliyesafiri, anayelima juani, na aliyerudi kazini. Iko jirani na upole na polepole, na masikioni mwangu iko jirani pia na kupoa na kupona. Anayenipa pole ananitakia nipoe. Ndiyo maana watu wa pwani hujibu "nishapoa," hata kama jibu hilo ni la adabu na moto bado unawaka. Neno hilo halisemi najua unavyojisikia. Halidai limechungulia kisanduku. Linasema nimekuona, niko hapa.

Kinyume chake, yaani kukataa kumwona anayeumia, kinatisha, nacho kiliwahi kutokea katika hospitali zenye vifaa vyote. Hadi miaka ya 1980, huko Marekani na Uingereza, vichanga wengi walikuwa wakipasuliwa kwa dawa ya kulegeza misuli na dawa kidogo mno ya kuzuia maumivu, au bila hiyo kabisa. Wengi waliamini kwamba mishipa ya fahamu ya kichanga haijakomaa kiasi cha kuhisi, na kwamba kile kinachoonekana kama maumivu ni mwili kujikunja tu. Mtoto hakuwa na neno la kuwakanusha, na aliyelegezwa misuli hakuweza hata kulia. Mwaka 1987 daktari Kanwaljeet Anand na wenzake waliokuwa Oxford walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba miili ya vichanga waliopewa dawa ya maumivu ilistahimili upasuaji vizuri zaidi kuliko ya wale walionyimwa. Damu na homoni zilikuwa zimesema. Mwaka 2020 jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa maumivu iliporekebisha fasili yake rasmi ya maumivu, ambayo ilikuwa imesimama tangu 1979, iliandika wazi kwamba kusema ni njia mojawapo tu ya kuonyesha maumivu, na kwamba asiyeweza kusema hajathibitisha kuwa hana maumivu.

Kila nikiisoma sentensi ile nawafikiria vichanga wale, kisha namfikiria mama akikubali saba. Yeye alikuwa na maneno. Alikuwa nayo mazuri mno. Nina hasira bado juu ya siku ile, wala sidhani ni hasira mbaya. Daktari mwenye wagonjwa themanini hawezi kusikiliza hadithi themanini, hilo nalijua. Lakini mfano wa mgonjwa si hadithi. Mtu anayesema "kama mtu anasokota kamba" amefika mwisho wa maneno yaliyo tayari, akaenda kwenye maisha yake, akatafuta kitu ambacho nyote wawili mmewahi kukiona, akakileta kwa mikono miwili. Kama hujawahi kuona kamba ikisokotwa, muulize ilivyo. Na kabla ya kuandika neno la Kiingereza, andika kwanza la kwake, kwa Kiswahili, kwenye karatasi ile ile.

Walimpasua siku ya Alhamisi asubuhi. Alipotoka kwenye nusu kaputi, mdomo ulikuwa mkavu na maneno hayakuja. Saa kumi jioni, wakati wa kuwaona wagonjwa, walikuja ndugu na majirani na chupa za uji. Kila mmoja alisema pole, naye alipoanza kupata sauti aliwajibu mmoja mmoja, nishapoa, nishapoa, huku jasho likimtoka. Alikuja pia shoga yake wa tangu usichana, waliyekua naye kijiji kimoja. Huyo hakusema kitu. Alivua viatu, akakaa kwenye kona ya kitanda, akaishika miguu ya mama juu ya mapaja yake, akawa anaisugua taratibu kwa viganja, kwenda na kurudi, hadi kengele ya wageni ikalia.

Mwezi uliopita nilimkuta mama ukumbini akichagua mchele kwenye ungo. Nilikuwa naandika makala haya, nikamuomba anieleze tena yale maumivu, kwa undani, kama alivyoyahisi. Aliacha kuchagua. Akaweka kiganja chini ya mbavu za kulia, mahali palepale, akakizungusha mara moja, akasubiri.

"Kamba naikumbuka," alisema. "Nilivyoisema naikumbuka, hata uso wa yule daktari naukumbuka. Yenyewe siyapati tena."

Akapepeta ungo, akatoa kijiwe kimoja, akakiweka pembeni sakafuni.